Boga Lililorudi kwa Horpina

Ninayoyaandika hapa hamtayaamini, wala sitawabembeleza. Nilikuwepo mwenyewe, mkate kwapani, na mpaka leo nikiyakumbuka natazama pembeni kwanza kama hakuna anayenicheka. Ni habari za shemeji yangu Horpina, mjane wa kaka yangu Kindrat, na boga moja. Naandikia mezani kwake. Yeye yuko kwenye tanuri anachochea moto, na miwani yake imepotea tangu asubuhi. Iko wapi, sijui, ila kiti nilichokikalia leo kina kitu kigumu.

Mimi ni Panas. Shule niliishia darasa la nne, kwa sababu mwalimu hakuwa na la kunifundisha zaidi, na hilo alilisema mwenyewe, tena kwa sauti kubwa. Lakini hapa Vilshanka hakuna harusi iliyofungwa miaka hii bila mimi kuwa mshenga. Na ile moja waliyonikosesha ushenga, nilikuwa mlevi wa kwanza, kwa hiyo bado walinihitaji.

Horpina aliletwa kwetu akiwa msichana mwembamba kutoka ng'ambo ya mto Psel, ana shingo ndefu na maneno machache. Mama yetu alimtazama juu mpaka chini, akasema huyu bado hajui kitu, tutaona atakavyofanya na chungu. Chungu cha mama kilikuwa cha udongo mweusi, kimerithiwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupika varenukha.

Horilka, pombe yetu kali, kwetu ni kitu cha kila nyumba. Mwenye ngano hukoroga ya ngano, mwenye viazi sukari hukoroga ya viazi sukari, mtambo unafichwa bandani nyuma ya kuni, na polisi wa wilaya anajua ulipo kwa sababu naye hupenda ile iliyolowekwa pilipili. Wanawake huloweka cheri ndani ya mitungi wakaiweka dirishani ipate jua. Hayo yote anaweza hata Todoska, jirani yetu, ambaye uji humuungulia. Varenukha ni kitu kingine. Unamimina horilka chunguni, unatia asali, plamu kavu, peasi kavu, tufaha, cheri, mdalasini, karafuu, na pilipili moja nyekundu ya kukumbusha watu kwamba hawanywi chai. Unafunika, unaziba ukingo wote kwa unga uliokandwa, unakisukuma chungu ndani ya tanuri moto ukishapoa kidogo, unaacha mpaka kesho yake. Kuanzia hapo hakuna kufungua. Hakuna kuchungulia wala kugusa.

Mwaka wake wa kwanza kwetu Horpina alichungulia. Hakuna aliyemwona. Alipasua unga kidogo, akanusa, akaziba tena, akadhani yamekwisha. Asubuhi mama akakitoa chungu, akautazama ule unga: nusu kahawia, nusu mweupe kama shavu la mgonjwa. Sisi wanaume tulikuwa tumeshakaa mezani, mikono juu ya magoti. Mama alimwambia kwa upole tu, "Harufu iliyotoka hairudi, mwanangu. Utajaribu tena mwakani." Tukanywa kimya kimya, na kweli ilikuwa kama sharubati iliyokasirika. Horpina alingoja mwaka mzima. Safari hii unga ulitoka kahawia mzunguko wote, na mama alipoupasua, Kindrat alilia, mimi nililia, na mbwa alilia nje ya mlango bila kujua sababu.

Tangu siku ile Horpina hajafungua kitu kabla ya wakati wake, na sisemi chungu peke yake. Ukimuuliza anaendeleaje, atakuuliza kama umekula. Akiwa na huzuni huosha madirisha. Akifurahi huosha madirisha vilevile, ila ananung'unika wimbo.

Mezani ni yeye anayemimina. Hilo halikuandikwa popote, lakini hata mwenyekiti wa shamba la ushirika, aliyekuwa akigombeza trekta na zikamwelewa, kwa Horpina alisubiri zamu yake. Anamimina glasi ya kwanza, mmoja anasema budmo, wote tunaitikia hei, inashuka yote mpaka chini. Ya pili huja haraka ili ya kwanza isijisikie mpweke. Ya tatu wanaume tunasimama, kwa sababu hiyo ni ya wanawake. Baada ya hapo anaanza kuwatazama watu. Akiona ulimi wa mtu umekuwa mzito, anaichukua glasi yake, anaigeuza kichwa chini juu ya kitambaa, basi, huyo amemaliza. Hakuna anayebishana. Mimi nimegeuziwa glasi mara nyingi kuliko mtu yeyote kijijini, na naona hiyo ni heshima.

Yeye mwenyewe hulowesha midomo tu. Kindrat alimwomba miaka yote wanywe wote glasi moja mpaka mwisho. Alimjibu kwamba katika nyumba lazima awepo mmoja anayejua mlango uko wapi. Kisha Kindrat moyo ukamsimama akiwa juu ya trekta yake, katikati ya ngano iliyoiva, siku nzuri kabisa. Horpina akabaki na ng'ombe wa ushirika asubuhi na jioni, akawakuza wanawe wawili, wakaoa, wakahamia mjini, na nyumba ikabaki na watu wawili: yeye, na mimi ninapokuja kula, yaani kila siku.

Sasa aingie Yukhim. Yukhim ni mfuga nyuki, mjane naye, anakaa mwisho wa kijiji baada ya kisima, karibu na shamba la ngano nyeusi. Ni mtu mrefu, ameinama kidogo kwa kuongea na mizinga, na maneno yake ya mwaka mzima unaweza kuyatia mfuko mmoja wa shati. Kila vuli anamletea Horpina mtungi wa asali kwa ajili ya varenukha. Anauweka juu ya nguzo ya lango, anakohoa, Horpina anatoka anasema ahsante, Yukhim anasema hakuna shida, anakohoa tena, anaondoka. Baada ya wiki Horpina anamrudishia mtungi umeoshwa, ndani kuna varenukha. Miaka imepita hivyo. Nilishawahi kumwambia Horpina kwamba huyu mtu kifua chake hakina ugonjwa wowote, kikohozi hicho kina jina. Akaniuliza kama nimekula.

Vuli ile ikaja habari kwamba Yukhim anaondoka. Binti yake aliyeko Poltava amemwambia aende akae naye, ghorofa ya tano, na mtu wa kijiji cha pili alikuwa aje Jumatatu kuichukua mizinga yote. Nikavaa kofia, nikaenda. Nilimkuta anapigilia vifuniko vya mizinga kwa misumari.

"Ghorofa ya tano utafuga nini, bwana, kunguru?"

Akasema binti yake anasema kuna balkoni.

"Na Horpina?"

Nyundo ikasimama hewani. "Horpina ana nini?"

"Ana nyumba, ana tanuri, ana shemeji mzuri sana."

Alipigilia msumari ule mpaka ukazama wote na kichwa chake. Kisha akasema polepole, na kwa Yukhim hiyo ilikuwa hotuba, "Akinipa boga, Panas, itanibidi nilibebe kupita mbele ya watu wote. Kwa umri huu."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kwetu mwanamke akiposwa na hamtaki mtu, hasemi hapana. Anakwenda uani, anachagua boga, anampa mchumba mikononi mbele ya mshenga, na mchumba analibeba mpaka nyumbani huku majirani wamekaa mabenchini wakilikadiria ukubwa. Akimtaka, mambo ni tofauti: ile chupa ya horilka waliyokuja nayo inanywewa yote, naye anaijaza ngano, anaifunga uzi mwekundu shingoni, anawarudishia. Chupa ikirudi na ngano, maneno yamekwisha, kilichobaki ni kuchinja nguruwe.

Nikamwambia mimi nikiwa mshenga boga halitoki. Nikamwambia maboga ya kijiji hiki yakiniona yanajificha chini ya majani. Tukakubaliana Jumapili, siku moja kabla ya yule wa kuchukua mizinga kuja.

Hapa kuna jambo ambalo mimi sikulijua, nanyi nitawapa mapema ili mpate kunicheka kwa nafasi. Jumamosi ile Horpina aliamua kumpikia Yukhim varenukha ya kuagana, ya kubeba Poltava. Akaandaa matunda, akaandaa asali. Akakisuuza chungu cha mama kwa maji ya kisimani, baridi kama kisu, chungu kikiwa bado na moto wa tanuri. Kikapasuka vipande viwili. Sufuria za bati huharibu ladha, na chungu kingine cha kuaminika hakikuwepo. Basi akaenda uani, akachagua boga gumu lenye ganda nene, akalikata kichwani kama kofia, akatoa mbegu, akamimina kila kitu ndani, akarudisha kofia, akaziba kwa unga, akalisukuma tanurini. Mabinti ndio huposwa, aliniambia baadaye, yeye ana wajukuu, angewazaje mambo ya boga la posa? Aliwaza kitu kilichomo ndani tu.

Jumapili tukaenda. Ilikuwa siku ya jua, mwezi wa kumi ukijifanya wa nane. Mkate wa posa nilikuwa nimeufunga kwa kitambaa cha tarizi, nimeubana kwapani chini ya koti ili Todoska asiuone, kwa sababu alikuwa benchini kwake anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Chupa ilikuwa kifuani kwa Yukhim. Alikuwa amenyolewa, ana harufu ya sabuni, na anatembea kama mtu anayepelekwa hospitali.

Horpina alitoka mlangoni kabla hatujabisha. Nikavua kofia, nikaanza hotuba yetu ya washenga, ile ya kwamba sisi ni wawindaji tumetoka mbali, tumefuata nyayo za kicheche mzuri, na nyayo zimeingia ua huu. Nilikuwa nimeizidishia maneno ya kwangu, ilikuwa nzuri mno. Nilifika kwenye neno wawindaji.

"Panas, ngoja kwanza," akasema, akarudi ndani.

Akatoka amebeba boga. Amelifunga kwa shali yake ya zamani, kikonyo kimejitokeza juu. Akaja moja kwa moja mpaka kwa Yukhim, akamwekea mikononi.

"Nilikuwa nakungoja, Yukhim. Nimesikia unaondoka. Chukua hili, na ulibebe wima, usiliinamishe."

Nimewahi kumwona mtu akipigwa teke na farasi, na alikuwa na rangi nzuri kuliko Yukhim wakati ule. Aliinamisha kichwa. Akasema, "Ahsante, Horpina." Hata hakukohoa. Akageuka, akatoka langoni akilibeba wima kabisa kama alivyoambiwa, na Todoska akaacha kutafuna. Kabla hajafika kisimani, Vilshanka nzima ilikuwa na habari.

Na mimi, Panas, ambaye niliwahi kumnyamazisha mnada­ni mchuuzi wa farasi, nilisimama pale mdomo wazi kama dirisha.

"Ana nini?" Horpina akaniuliza. "Mbona amekwenda hivyo?"

"Shemeji, umempa boga."

"Nimempa varenukha. Chungu cha mama kimepasuka."

"Yeye ameona boga."

"Mtu mzima ashindwe kujua..." Macho yake yakashuka kwenye koti langu. "Hiyo kwapani ni nini?"

"Mkate."

"Mkate wa nini?"

"Wa posa."

Tuliingia ndani, akakaa kwenye benchi la tanuri. Akafungua kilemba chake, akakifunga upya, akakifungua tena. Sikumbuki kumwona Horpina akifanya kitu mara mbili bila sababu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na huo mdomo wako unaoongea hata usingizini, Panas, ulikuwa wapi?"

Nikaigeuza kofia yangu mkononi badala ya kusema, na hilo mliandike pahali maana halijatokea tena. Akanisukuma mgongoni. Alisema nimkimbilie, nimwambie kilichomo ndani, na nisiongeze kitu. Nikakimbia. Watu wa hapa watawaambia nilitembea. Walikuwa wamekaa, mtu aliyekaa hajui mwendo.

Nilimkuta Yukhim uani kwake. Mizinga ilikuwa imeshapakiwa kwenye mkokoteni, iliyobaki ni michache. Boga alikuwa ameliweka juu ya mzinga wa mwisho na yeye amekaa juu ya gogo, amelipa mgongo. Nikafungua mdomo nimweleze. Akainua mkono ninyamaze.

Alikuwa anasikiliza. Nyuma yake kulikuwa na mvumo. Njiani unga ulikuwa umepata ufa, kidogo tu, na mchirizi mwekundu ulikuwa umeshuka kwenye ganda, na nyuki walikuwa wameufuata. Yukhim akageuka polepole. Mtu mwingine angeona nyuki juu ya boga. Yeye anajua nyuki wa mwezi wa kumi hawajisumbui kwa boga. Akafungua shali, akapitisha kidole ufani, akakiweka ulimini, akafumba macho.

"Hii ni asali yangu," akasema.

Akapasua unga kwa kisu cha mizinga. Ule unga, ndugu zangu, ulikuwa kahawia mzunguko wote. Mvuke ukatoka, na harufu ikatufikia wote wawili, plamu, mdalasini, moto wa tanuri. Yukhim akavua kofia yake, akaliinamia boga lile.

"Panas," akasema mwishoni, "boga la kukataliwa linatiwa mdalasini?"

Nikamwambia mimi mwenyewe nimebeba matatu ujanani na hakuna hata moja lililokuwa na chumvi.

Akafunika kofia ya boga, akalifunga shali, akalinyanyua, akaanza kurudi. Sasa hilo lilikuwa halijawahi kuonekana. Kuna mtu aliyewahi kutupa boga mtoni, kuna aliyempa nguruwe, na baba yangu mdogo alilipika akalila kwa hasira. Lakini kurudi nalo, mchana, katikati ya barabara, hakuna. Watu walitoka mabenchini. Mimi nilitangulia mbele nikisafisha njia, ingawa njia ilikuwa wazi.

Todoska hakuweza kujizuia. "Yukhim, baba, umekosea njia? Kwako ni kule."

Yukhim alimjibu bila kupunguza mwendo. "Peke yangu silimalizi."

Horpina alikuwa mlangoni. Alikuwa amefunga kilemba kipya, na nyuma yake niliona meza: mafuta ya nguruwe yaliyokatwa vipande vyembamba, matango ya chumvi, kitunguu, glasi tatu. Mtu ambaye hafungui kitu kabla ya wakati alikuwa ameandaa meza kabla ya kujibiwa. Yukhim akaliweka boga katikati ya vyote. Akakohoa. Mara hii hakuondoka.

"Horpina," akasema, "kwenye balkoni ya binti yangu haiingii mizinga."

"Uani kwangu inaingia," akasema Horpina. "Kaeni, inapoa."

Hotuba yangu ya kicheche nilikuwa bado ninayo nzima. Nilipoianza tena, wote wawili walisema nikae.

Akamimina kwa bakuli la mti, kutoka tumboni mwa boga. Nimekunywa varenukha ya mama na nimekunywa ya Horpina miaka yote, lakini ile iliyopikwa ndani ya boga ilikuwa na utamu mwingine chini ya utamu, sijui niuiteje, darasa la tano huenda wanafundisha. Nikasema budmo, tukaitikia hei. Tukafungua na chupa ya Yukhim, ikasaidia. Ya tatu, mimi na Yukhim tukasimama kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekuwepo, naye akainua glasi yake. Nilijua atalowesha midomo. Akainywa. Akaendelea kuinywa mpaka mwisho, akaigeuza kichwa chini juu ya kitambaa, na halikudondoka hata tone.

Macho yalikuwa yamemlowa kidogo, kwa pilipili labda. "Mlango nisipouona," akasema, "Yukhim atanionyesha."

Chupa ilipokwisha nikaishusha sakafuni, maana chupa tupu haikai mezani. Horpina akainama, akaiokota. Akaingia stoo. Tulimsikia akifungua gunia, kisha sauti ya nafaka ikiingia kwenye kioo, chache chache, na Yukhim alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Aliporudi, chupa ilikuwa imejaa ngano mpaka shingoni na uzi mwekundu umefungwa. Aliiweka mbele ya Yukhim, kisha akageuza glasi yangu, ingawa nilikuwa na kiu bado.

Jumatatu yule wa kuchukua mizinga alikuja na gari. Alipewa varenukha, akapewa sababu, akapewa varenukha tena, akarudi kwao mikono mitupu akiimba. Binti wa Poltava alipelekewa mtungi wa kuweka kwenye balkoni. Na Horpina, kila vuli sasa, anapika ndani ya boga, na mabinti wa kijiji wanalalamika kwamba ameharibu desturi, vijana siku hizi wakipewa boga wanalitikisa kwanza.

Ila mnataka kujua walivyofanya nyuki. Wale waliolamba lile boga hawakubaki nyuma. Walitufuata barabarani, kwanza mmoja mmoja, kisha mzinga mzima, wakiruka upande upande kama wanaume wanaotoka harusini, wameshikana mabega, wakaingia dirishani, wakajipanga ukingoni mwa glasi zetu, na malkia wao akatua mbele ya Yukhim, akainua mguu mmoja wa mbele, akasafisha koo, akase

"Panas." Yuko nyuma ya bega langu, mikono ina unga. "Inuka hapo, nipe miwani yangu. Yukhim mwenyewe alisema walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa nzi."